Meli Niliyoivisha Makumbi

Siku ya nne baada ya kumzika bibi tulilitoa godoro lake nje. Lilikuwa godoro la usumba, la zamani, limeshonwa kwa kitambaa cha mistari ambayo ilikwisha kufutika, na kabla hatujawahi kulianika mvua ikalikuta. Nilipolinyanyua ili niliegemeze ukutani likavuja maji ya rangi ya chai, na ile harufu ikapanda. Haikuwa kali kama ya zamani, lakini ilikuwa ile ile. Nikenda nyuma ya jiko nikatapika. Wanawake waliokuwa msibani wakanifuata na kata ya maji, na mmoja akaniambia, "Jikaze mwanangu, majonzi hupanda hivyo hivyo." Hayakuwa majonzi. Kilikuwa kinyaa, na kinyaa kile nakijua tangu nina miaka kumi na moja.

Mliokulia karibu na hori la bahari, upande wetu wa Wingwi, Pemba, hamna haja ya kuelezwa. Kwa wengine nitasema. Kumbi la nazi, lile ganda lake la nje, halitoi kamba hivi hivi. Wanawake huchimba mashimo kwenye tope la pwani, pale maji yanapojaa na kukupwa, wakayafukia makumbi na kuyaacha miezi sita, saba, mpaka nyama yake ioze. Kisha huyafukua, wakayabeba mpaka nyumbani, wakayatwanga kwa kigongo juu ya jiwe hadi ubakie uzi mtupu. Huo ndio usumba. Kinachotoka kwenye shimo lile siku ya kufukua ni kama yai viza lililopasukia ndani ya maji ya choo. Harufu huingia kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye pindo la kanga. Sabuni haiitoi. Bibi yangu, Bi Asha, alikuwa na viganja vya rangi ya udongo kwa kazi ile, na mimi, niliyelelewa naye baada ya mama kuolewa Unguja, nilikuwa nikila upande wa sahani ulio mbali na mkono wake. Nilidhani haoni.

Lakini lililonifanya niandike si godoro. Ni neno lililosemwa siku ya maziko. Kabla jeneza halijatoka, ami yangu Salim alisimama uani kama ilivyo desturi, akauliza kama yupo mwenye haki yake kwa marehemu, ajitokeze alipwe au asamehe. Kwa wanaume hakujitokeza mtu. Upande wetu wa wanawake, jirani yetu Bi Mize, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mie nimemsamehe makumbi yangu. Na Mungu amsamehe." Wanawake wakaitikia amin. Na mimi nikaitikia amin.

Bibi alisamehewa wizi ambao hakuufanya. Mtu pekee katika msiba ule aliyelijua hilo ni mimi, na mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti.

Ilianza na kompyuta. Ami Salim, mtoto mkubwa wa bibi, alikuwa akiuza nguo Chake Chake, na siku moja akarudi na kompyuta iliyotumika, ile yenye kioo chenye kisogo kikubwa. Aliinunua kwa ajili ya mwanawe Nassor, aliyenizidi miaka mitatu, ajifunze mambo ya ofisini. Mliokua wakati wetu mnajua Nassor alijifunza nini. Mtu mmoja alimwekea gemu kwa flashi, na basi. Nyumba ya ami ilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu, nayo ilikuwa na umeme. Sisi na bibi tulikuwa na koroboi.

Gemu yenyewe ilikuwa ya meli za angani. Hukupewa meli. Uliijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, kama anayejenga nyumba kwa matofali: injini, mizinga, chumba cha nahodha, na juu yake mabamba ya chuma ya kuikinga. Ukimaliza, unaiweka mbele ya meli ya mwenzako, unaondoa mkono, na zenyewe zinapigana. Hapo hakuna ujanja wa vidole. Meli inakufa au inapona kwa jinsi ulivyoijenga. Nassor alipenda mizinga. Mimi nilipenda ngao. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa mtoto wa kukaa kwa watu.

Nikitoka chuoni, msahafu ukiwa bado kwapani, nilikuwa nikenda kukaa nyuma ya kiti cha Nassor mpaka achoke anipishe. Mwanzo nilifikiri kama kila mtoto anavyofikiri, kwamba ngao ni unene. Niliivika meli yangu chuma juu ya chuma, tabaka nne, tano, ikawa kama jiwe la kusagia. Haikuweza hata kugeuka. Meli ya Nassor ikaizunguka polepole, ikaipiga mahali pamoja tu, pale pale, pale pale, mpaka tundu likapatikana. Kombora likaingia, likaripuka ndani, na chuma changu chote kikaufungia mripuko usitoke. Ilipasuka kama chungu. Nikapunguza chuma ubavuni nikakiongeza mbele, ikapigwa ubavuni. Nikaweka ubavuni, ikapigwa mgongoni. Wiki nzima niliiona ikifa, na Nassor akicheka.

"We' unajenga makaburi," alikuwa akiniambia. "Jenga mizinga."

Siku moja bibi akaja kuniita chakula. Alikuwa ametoka pwani, tope limemkaukia mpaka magotini, na kwa adabu zake hakuingia. Alisimama kizingitini. Nassor alikwisha kuvuta fulana yake mpaka puani kabla hata hodi haijaitikiwa.

"Mwambie huyo ugali wapoa," bibi akasema. Kisha akakiona kioo, na meli yangu ikikatika vipande viwili. "Na hicho ni kitu gani?"

"Meli, bibi. Meli ya angani."

"Mbona yapasuka?"

"Yapigwa mizinga."

"Na hayo mabati mliyoivika?"

"Si mabati, bibi," Nassor akasema ndani ya fulana. "Ni chuma. Chuma kinene kabisa."

Bibi akacheka. Alikuwa na kicheko kifupi, kama mtu anayekohoa. "Chuma kikigongwa chalia, na kilio chenda mpaka ndani. Nyie hamjaiona nazi? Yatoka juu kule, yaanguka juu ya jiwe. Wapi umeona nazi imepasuka na kumbi lake? Lakini ukishaifua, ukalitoa kumbi, mwana huyu aipasua kwa mgongo wa kisu. Kifuu ndicho kigumu, ndiyo. Lakini kiokoacho si kifuu."

"Kumbi ni laini, bibi," Nassor akasema.

"Ndiyo nsemayo. Lina nini ndani? Nyuzi na upepo. Pigo laingia, lapotea humo."

"Upepo haukingi mzinga."

"Haya. Nyie ndio msomao." Akageuka akaondoka, na mahali aliposimama zikabaki alama mbili za tope.

Nassor akatoa kichupa cha manukato ya baba yake akapuliza chumba kizima. "Bibi yako ananuka kama maiti," akasema. Alikuwa bibi yake pia, mama wa baba yake. Ningeweza kumwambia hivyo. Nilicheka.

Lakini nilipofika nyumbani nilichukua nazi isiyofuliwa kutoka kwenye lundo, nikaikata katikati kwa panga, kumbi na kifuu pamoja, nikakaa nayo jikoni. Sijapata tena kukiangalia kitu kama nilivyoiangalia nazi ile. Nje kabisa kuna ngozi nyembamba, ngumu, inateleza. Chini yake ni zile nyuzi, zote zimelala upande mmoja, na baina yake unga wa kahawia ambao ukiubonyeza unarudi. Karibu nusu ya nazi nzima ni huo. Kifuu ni chembamba, kimeushika ule weupe tu, hakihangaiki na kingine. Na macho yake matatu, ambayo moja ni laini hata kidole kinapenya, yamekaa upande wa kikonyo, mahali ambapo kumbi ni nene kuliko kwingine kote.

Ilinichukua siku tatu kuijenga. Nje niliweka bamba moja jembamba, la rahisi, la kupigwa na kufa. Ndani yake nikaacha nafasi tupu, na nafasi ile nikaitia fito nyembamba, zote upande mmoja, za kulishikilia bamba tu. Kisha bamba jengine jembamba, na nafasi nyengine tupu. Katikati kabisa nikafanya kifuu: chuma kizuri nilichokuwa nacho chote, lakini kidogo, kimeizunguka injini na nahodha basi. Matundu ya kutolea moto, ambayo ndiyo macho ya meli, nikayaelekeza nyuma na nikayawekea tabaka nyingi kuliko kwingine. Meli ilikuwa mbaya. Ilijaa mashimo kama tenga la kuku.

"Takataka gani hii?" Nassor akauliza.

Akaipiga. Kombora lilikuwa likigonga ngozi ya nje, likaripuka pale pale, na moto wake ukaenea kwenye ule utupu ukafa kabla ya kufika ndani. Ngozi ikatoboka, ikatoboka, fito zikakatika, meli ikawa inaning'inia matambara. Na injini inaendelea. Na kwa kuwa ilikuwa nyepesi, iligeuka upande ambao haujapigwa bado. Nassor aliipiga mpaka mizinga yake ikaishiwa. Kisha akasema, "Jumamosi anakuja Haji."

Haji alikuwa rafiki yake wa Wawi, mtoto wa mwenye duka, na alikuwa na meli kwenye flashi ambayo ilikuwa haijashindwa na mtu. Nassor akanipa sharti. Meli yangu ikimshinda Haji, mimi ningepata kiti kila siku baada ya alasiri, kiti changu, si cha kusubiri mtu achoke. Lakini kulikuwa na jambo.

"Jumamosi si ndiyo bamvua?" akaniuliza. "Bibi si anafukua?"

Nikasema ndiyo. Mashimo yale hayafikiki ila maji yakikupwa sana, na hilo ni mara mbili kwa mwezi.

"Atakuja kutwanga hapo dirishani. Haji atakwenda kututangaza Wawi nzima. Siku hiyo asitwange."

"Siwezi kumkataza bibi."

"Basi na wewe usije. Meli ntaiweka mwenyewe." Akaninusa, kama mtu anavyonusa samaki sokoni. "Kwani hujijui? Hata wewe wanuka."

Nilirudi nyumbani nikajinusa mikono, nikanusa kanga, nikanusa mkeka niliolalia. Nilichukia. Sitaki kupamba neno hapa. Watu hupenda kuandika kwamba walipokuwa wadogo waliona haya kidogo kwa ajili ya wazee wao. Mimi sikuona haya. Nilimchukia bibi yangu, viganja vyake, tope la miguuni mwake, namna alivyonishika kichwa akiniombea dua, kama mtu anavyochukia funza.

Sasa, mashimo ya pwani yote yanafanana ukishayafunika. Kila mwanamke alikuwa na alama yake. Bibi alikuwa na vigingi viwili vya mkoko, kimoja amekifunga kitambaa chekundu cha kanga. Alama ya mtu haiguswi. Hata watoto tuliokuwa tukiokota kaa tulizipita kwa mbali. Nami nikafikiri hivi: nikiving'oa vigingi, bibi hatoliona shimo, atarudi nyumbani mikono mitupu, Jumamosi itapita. Bamvua ijayo nitavirudisha. Makumbi hayaendi mahali, wiki mbili zaidi yatazidi kuoza tu. Nilijiona nina akili.

Ijumaa asubuhi nikashuka pwani kabla ya wanawake. Tope lilinifika magotini, na kila hatua ilitoa mapovu na mapovu yakatoa ile harufu. Vigingi vilikuwa vimezama sana. Nilivikumbatia, nikavitikisa, tope likaniingia mdomoni. Nilitema mpaka mate yakakauka. Vilipotoka nikalisawazisha tope kwa viganja, nikavifunga vigingi ndani ya kanga, nikaenda kuvichomeka kwenye makuti ya paa la jiko, juu kabisa, upande wa nyuma.

Jambo nisilolijua ni moja. Bi Mize alikuwa hana vigingi. Yeye aliweka mawe, na mawe huzama, kwa hivyo miaka yote alilitafuta shimo lake kwa kuhesabu hatua nne kutoka vigingi vya Bi Asha kuelekea mkokoni. Na bibi naye, kama mtu angemuuliza, angesema lake liko hatua nne juu ya la Mize. Walikuwa wanashikana kwa alama moja.

Jumamosi Haji alikuja amevaa viatu. Alikuwa kijana mpole, kwa kweli, aliyesalimia vizuri. Chumba kilinukia manukato. Nami nilikuwa nimeoga mara tatu na nimejipaka mafuta ya Nassor. Meli ya Haji ilikuwa nzuri, ndefu, inang'ara, chuma kitupu. Iliitoboa yangu tangu mwanzo na Haji akasema, "Imekwisha hii." Haikwisha. Ikageuka. Ikapigwa upande mwengine, ngozi ikang'oka vipande vipande, na ile injini ndani ya kifuu chake inazunguka, na mzinga wangu mmoja, mmoja tu, ukawa unaigonga meli ya Haji mahali pamoja. Meli yenye chuma kizito haina pa kuupeleka moto. Ilipasuka kama chungu.

Haji akapiga paja. "Nani kakufunza kujenga hivi?"

"Hakuna," nikasema. "Nimebuni mwenyewe."

Ndipo tuliposikia sauti uani. Bibi alikuwa anapanda kutoka pwani, mikono mitupu, na nyuma yake Bi Mize na wanawake wengine wa kikundi chao cha kamba. Bibi alikuwa amelitafuta shimo lake asubuhi nzima. Kikundi kilikuwa kinaungojea usumba wake, alishawaahidi, basi akakisia, akachimba. Alikwisha kutoa nusu ya makumbi Bi Mize alipofika na kuyatambua. Yalifungwa kwa vipande vya wavu wa kijani, na Bi Mize ndiye aliyefunga hivyo.

"Uzee wote huu, Bi Asha," Bi Mize alikuwa akisema, "wafukua shimo la mwenzio?"

"Sikuliona langu, Mize. Wallahi sikuliona."

"Na vigingi vyako? Vimeota miguu?"

"Sijui vilipokwenda."

"Hujui. Hebu tuambie, mwizi gani aiba vijiti akaacha makumbi?"

Mwanamke mmoja akacheka. Bibi alikuwa amesimama katikati yao, tope likimchuruzika, na harufu ikaingia kwa dirisha, nzito, ikayafunika manukato yote.

"Nini hicho kinachonuka?" Haji akauliza.

"Majirani," Nassor akasema.

Na mimi niliyekuwa karibu na dirisha nikanyoosha mkono nikalifunga.

Bibi alipoingia ndani kwetu jioni hakuniuliza juu ya vigingi. Aliniuliza kama nimekula. Kikundi hakikumwita tena. Kwa fedheha shimo lake hakulitafuta tena, hata kwa kuhesabu kutoka la Mize, wala hakuchimba jengine. Akaanza kusuka mikeka ya ukindu, kazi ambayo hakuipenda kwa sababu ilimuumiza macho. Kila asubuhi alipopita kwa Bi Mize alimsalimia, "Waamkaje, Mize?" na Bi Mize alikuwa akigeuza uso na kuendelea na shughuli zake. Pemba mtu huweza kukunyima chakula ukavumilia. Kunyimwa jawabu la salamu ni jambo jengine. Bibi aliendelea kumsalimia. Mimi nikidhani ni uzee, kwamba anasahau kuwa haitikiwi.

Bamvua iliyofuata niliingiza mkono kwenye makuti ili nivirudishe vigingi. Havikuwepo. Nilipapasa paa zima la jiko. Nikajiambia labda vimeanguka mtu akavitia motoni, na kweli nilipumua, kwa sababu sasa hata nikitaka kusema sina cha kuonyesha.

Na nyumba yetu haikunuka tena. Hili ndilo ninalolionea kinyaa kuliko yote. Miezi ile nilikuwa na furaha. Nilikaa kwenye kiti changu kila siku baada ya alasiri, mikono inanukia sabuni, nikijenga meli zenye makumbi, na watoto wa Wawi wakanakili ngao yangu kwa flashi. Mwisho kompyuta ikaungua kitu ndani, ami hakuitengeneza. Hata jina la gemu ile silikumbuki. Shule niliacha kidato cha pili, nikaolewa, nikarudi, nikamuuguza bibi mwaka wake wa mwisho. Nilimuosha kila siku. Kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema, na kila siku nilimfuta mgongo, nikamgeuza, nikamvalisha, nikanyamaza.

Siku ile ya godoro, baada ya kutapika, tulifungua kasha lake ili tugawe nguo. Nassor alikuwepo, sasa mtu mzima mwenye ndevu. Chini kabisa, chini ya sanda yake ya akiba ambayo hatukujua kama ipo, palikuwa na kifurushi cha kanga. Niliitambua kanga kabla sijaifungua. Ilikuwa yangu, ya utotoni. Ndani mlikuwa na vigingi viwili vya mkoko vilivyosuguliwa vikawa vyeupe, na kitambaa chekundu kimefuliwa, kimekunjwa.

"Vijiti gani hivi?" Nassor akauliza.

Nilivifunga tena ndani ya kanga. Bibi alivitoa kwenye makuti katika zile wiki mbili. Alivikuta ndani ya kanga yangu. Neno moja tu mbele ya wanawake, "mjukuu wangu ndiye," lingemrudishia kila kitu, na mimi ningeitwa nilivyostahiki kuitwa. Alilifungia kwenye kasha akawa analala kando yake.

Nilivichukua vile vile nikenda kwa Bi Mize. Nilimkuta anachambua mchele barazani. Nikaviweka mbele ya ungo wake, nikamwambia yote, tangu kompyuta mpaka amin. Mkono wake ulibaki juu ya mchele.

"Alikuwa akinisalimia," akasema mwisho. "Kila siku."

"Ndiyo, Bi Mize."

"Akijua ni wewe."

"Akijua."

"Na mie juzi mbele ya watu nikasema nimemsamehe." Aliutazama mchele. "Sasa nende kwa nani, mie, nikamuombe yeye anisamehe?"

Nikaanza kusema samahani. Akaninyamazisha kwa kidole. "Wewe sijakwambia kitu. Bamvua ni Jumanne. Shuka pwani, na vijiti vyako."

Jumanne walikuwepo wanawake kumi na zaidi, wengine mabinti wa wale wa zamani. Bi Mize alisimama kwenye tope akiegemea jembe lake, akasema, "Huyu ana neno. Sema." Nikasema. Nilisema kwa sauti ile ile niliyoitikia amin, na hakuna aliyenisaidia nilipokwama. Nilipomaliza, mama mmoja akatema mate pembeni. Bi Mize akahesabu hatua nne kutoka shimo lake, ambalo tangu siku ile alilitia kigingi, kwenda juu, akanionyesha mahali. Nikachomeka vigingi. Kisha nikachimba.

Yalikuwepo. Miaka yote hii yalikuwepo, meusi kama mkaa uliorowa, yamefungwa kwa mafundo ya bibi. Nilipolivuta la kwanza nyuzi zikakatikia mkononi. Yalikwisha kuoza kupita kufaa kwa lolote. Nilikuwa nimetegemea, nikiwa njiani, kwamba nitaipenda harufu ile kwa kuwa ni yake. Sikuipenda. Ilinuka kama ilivyonuka siku zote, vibaya kuliko siku zote. Nikainua mkono kuziba pua, na mkono wenyewe ndio uliokuwa umelishika kumbi.